Risasi Kwenye Damu ya Baba

Baba yangu alikuwa mtu wa maringo, na nalisema hilo bila kumwomba mtu radhi. Akitembea barabara ya Katesh, hata siku ya vumbi, ungedhani anakwenda kupokea mgeni wa serikali. Koti lake la mtumba alilifunga vifungo vyote. Fimbo aliishika katikati, hakuiegemea, kwa sababu kuegemea fimbo ni kazi ya wazee, na yeye mpaka anapata wajukuu alikuwa hajakubali kuwa mmoja wao. Watu walimsema. Aliwasikia, akazidi kupunguza mwendo ili wamwone vizuri. Mimi ni binti yake wa kwanza, nimerithi pua yake na maringo yake, na haya ninayasimulia kwa sababu nimechoka kusikia wengine wakiyasimulia vibaya.

Kwetu ni chini ya mlima Hanang. Tulilima mahindi, maharage na mbaazi, tukafuga ng'ombe wachache ambao baba aliwaheshimu kuliko baadhi ya wakwe zake. Mama alitoka juu, Mbulu, kwenye baridi. Alituzaa sote pale, mvi zikamtokea palepale, lakini kwenye ukoo wa baba bado walikuwepo waliomwita mtu wa kuja. Yeye aliwapa uji wakanywa, wakishiba wanaendelea kumwita hivyohivyo.

Baba alikuwa na kibuyu chake cha maziwa mgando. Kwa wasiotujua niseme kwamba kwetu mwenye nyumba ana kibuyu chake, na mdomo wa mtu mwingine haukigusi, si mke, si mtoto, si mgeni wa kutoka mbali. Mama alikiosha, akakifukiza kwa kijinga cha moto mpaka kikanukia, akakijaza, akakitundika. Baada ya hapo kilikuwa mali ya baba. Sisi wengine tulikunywa maziwa ya ng'ombe walewale kwenye vikombe vya plastiki, na hatukuona tumeonewa.

Kibuyu hicho alikiacha babu. Siku moja msumari uling'oka ukutani, kikaanguka, kikapata ufa kuanzia mdomoni kwenda shingoni. Mama alisema vibuyu vimejaa mnadani, anunue kingine. Baba akamtazama kama amemwambia anunue baba mwingine. Ndipo baba mdogo, ndugu yake wa pekee aliyekuwa akikaa Getanuwas, akasema, "Kaka, niachie mimi. Hiki kitapona."

Baba mdogo alikuwa na moyo mzuri na mdomo mpana, na vyote viwili alivitumia bila kupima. Alikifunga kibuyu kwenye khanga ya mkewe akaenda nacho mnadani Katesh. Miaka ile biashara ilikuwa imeshafunguliwa, na mnada wetu ulikuwa umefura. Mashati ya Ulaya, redio za betri, sabuni za majina tusiyoweza kuyatamka, dawa za mimea na za mifugo zimemiminwa kwenye chupa za soda, kila kitu kilikuwa chini kwenye turubai. Mimi mwenyewe nilikuwa nauza mitumba, nimeolewa Dongobesh, na mguu wangu haukujua kukaa nyumbani. Nawakumbuka mafundi waliokaa pembeni wakivunja betri kuukuu za mabasi. Madini yaliyomo waliyayeyusha kwenye kopo, wakayaponda kuwa bamba laini, wakazibia kila kinachovuja.

Kibuyu kilirudi kimevaa bamba la kijivu mdomoni, ndani na nje, limekandamizwa kwa ustadi mpaka mdomo wa mnywaji unateleza. Baba alikijaza maji, akakipindua, akasubiri. Halikudondoka hata tone. Alimshika mdogo wake begani, na kwa baba yangu hiyo ilikuwa hotuba nzima. Baadaye alisema hata maziwa yenyewe yameongezeka utamu, kuna utamu kwa mbali ambao haukuwepo. Mama akasema utamu ni wa mkono wake, asimpe fundi sifa zisizo zake. Wakacheka.

Mwaka uliofuata ndipo tulipoambiwa Arusha si mkoa wetu tena, sisi sasa ni Manyara. Baba mdogo aliufurahia mkoa mpya kana kwamba alipewa yeye binafsi aufuge. Baba hakufurahi, kwa sababu alikuwa ameanza kuumwa. Tumbo lilimbana mpaka akajikunja. Chakula alikiona adui. Viganja vilipauka, macho ukiyafunua chini ni meupe, na akipanda kale kamwinuko ka kwenda zizini anasimama njiani, anajifanya anakagua ua. Mimi nilimjua. Baba hakuwahi kukagua ua maishani mwake.

Nilimpandisha basi mpaka hospitali kubwa. Tulikaa kwenye benchi na watu wa kila upande, baba amefunga vifungo vyote vya koti, jasho linamtoka. Daktari alikuwa kijana, si mtu wa kwetu, mpole. Alimpima, akaona damu imeshuka sana, akamwuliza, "Mzee, unatumia dawa gani?"

Baba akamtazama kwa huruma. "Daktari, ningekuwa na dawa, ningepanda basi kuja kukusumbua wewe?"

Nilicheka, ikabidi nieleze kwamba dawa anayoishika ni ya ng'ombe. Josho la serikali lilikuwa limekufa siku nyingi, majani yameota mpaka ndani. Kila mfugaji alijitegemea, na kwa kuwa baba ndiye aliyekuwa na bomba la kubeba mgongoni, aliwanyunyizia dawa ya kupe ng'ombe wake na wa majirani. Chupa haikuwa na maelezo. Hakuziba pua wala mdomo, kwa sababu, alivyosema yeye, huwezi kujiziba pua mbele ya ng'ombe wako kama vile ananuka.

"Zile tunaziita dawa kwa heshima tu, mzee," daktari alisema. "Kwa mtu ni sumu. Zikikuingia sana zinaweza kuharibu hata pale mwili unapotengenezea damu. Acha kabisa."

Walimwongezea damu, akalala wodini, akaanza kula. Wiki baada ya wiki viganja vikarudi rangi. Alirudi nyumbani akampa jirani bomba lile, pamoja na onyo refu la kuziba pua, na jirani akalisikiliza kwa sababu lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa na desturi ya kuogopa kitu. Mama alimkaribisha kwa kibuyu kilichojaa. Sisi wote tukajua tumepona.

Hatukuwa tumepona. Mavuno hayajaingia ndani, baba alikuwa amepauka kuliko mara ya kwanza. Tumbo lilirudi. Sasa na mkono wa kulia ukalegea kwenye kifundo, kiganja kinaning'inia, hawezi kukiinua. Fimbo ikahamia mkono wa kushoto. Huo mkono ndio uliotisha watu, kwa sababu upungufu wa damu kila mtu ameuona, lakini mkono wa mwanamume kufa ukiwa umeunganishwa na bega, watu walianza kunong'ona.

Baba mdogo hakunong'ona. Alikuja asubuhi na wazee wawili wa ukoo, akakaa, akakataa chai. Mimi nilikuwepo, nimekuja kumwona mgonjwa, ambaye alikuwa amelala chumbani.

"Dawa ya kupe ameacha," alisema. "Ugali anaokula ndio mnaokula wote. Mboga ni ileile. Maji ni yaleyale. Kuna kitu kimoja tu kaka yangu anakitumia peke yake, na kuna mtu mmoja tu anayekijaza. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako."

Mama alikuwa amesimama na birika mkononi. Nikaanza kusema, baba mdogo akaninyooshea kidole, "Binti, unaongea na baba yako."

"Shikamoo basi, baba mdogo," nikamwambia. "Sasa nimeshakuamkia, naweza kusema?"

Mama akaninyamazisha. Wazee walitoa uamuzi wao pale pale. Baba arudishwe hospitali. Mama asiguse chochote kitakachoingia kinywani mwake. Baba akishatoka, au Mungu akimchukua, mama arudishwe Mbulu kwa kaka zake na kaka zake waambiwe sababu. Yeyote anayetoka kwetu anajua hiyo maana yake ni nini. Mwanamke aliyerudishwa kwao kwa jina la sumu hapewi kushika mwiko hata jikoni kwa wifi zake. Watoto wake wanaolewa na kuoa wakiulizwa habari zake. Mama yangu, aliyepika harusi zote za kijiji kile, angezeeka akipakuliwa chakula kama mtoto.

Hakulia. Aliweka birika chini, akafungua kamba ya kibuyu ukutani, akampa shemeji yake kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Basi kamua wewe, shemeji," akamwambia. "Na ukifukize vizuri, hapendi harufu ya majivu."

Na kweli baba mdogo alihamia kwetu. Nampa haki yake. Alimpenda kaka yake kupita kiasi. Alikamua kwa mikono yake mwenyewe, akaacha mashamba yake Getanuwas yakiliwa na ndege, akawa anapanda basi kwenda hospitali na dumu la maziwa mapajani. Kibuyu kikawekwa chini ya kitanda cha baba, na kila akija anakijaza. Walipotaka ndugu wa kutoa damu, alikunja mkono wa shati kabla nesi hajamaliza kusema. Mimi nikatoa pia. Mama naye akakunja mkono wake.

"Ya kwake hapana," baba mdogo alisema.

Nesi akamwangalia, kisha akamwangalia mama. Mama akashusha mkono wa gauni taratibu, akaenda kusimama karibu na mlango wa wodi, na huko ndiko alikosimama siku zote zile, na kifurushi chake cha nguo, haruhusiwi kukaribia kitanda. Watu wa vitanda vingine waliniuliza yule mama ni nani. Niliwajibu kwa sauti, ili na baba mdogo asikie, kwamba ni mwenye mgonjwa.

Baba alikuwa anazidi kwenda chini. Damu tuliyompa ilikwisha kama maji kwenye mchanga. Hakusema kitu kuhusu yale ya nyumbani, na sikujua kama aliyajua. Alilala macho yameelekea mlangoni.

Asubuhi moja daktari alikuja na matokeo ya maabara. Aliutazama mkono uliolegea, akamwambia baba afungue kinywa, akashika mdomo wa chini na kuuvuta, akatazama fizi muda mrefu. Kisha akamgeukia baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa amesimama karibu. "Nafikiri sasa tumejua. Mzee ana risasi mwilini. Imeingia mpaka kwenye damu. Nitarudi tuongee vizuri." Papo hapo nesi akamwita kwa haraka wodi ya wazazi, akaondoka, na kazi za huko zikamshika siku kadhaa.

Risasi. Sijui nikueleze vipi jinsi neno lile lilivyoshuka pale kitandani. Sisi tumekulia kwenye miaka ambayo ng'ombe waliibwa usiku na kufuatwa kwa bunduki, na kila kijiji kina mtu aliyerudi anachechemea na asiyetaka kuulizwa. Mwenye risasi mwilini ni aidha aliyefuata ng'ombe wake, huyo anajulikana na anasifiwa, au aliyekuwa anawakimbiza ng'ombe wa wenzake. Baba hakuwahi kusifiwa kwa kufuata ng'ombe.

Baba mdogo alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "ulipigwa lini?"

Baba alifumba macho. Kisha akayafungua, akatazama mlangoni, pale mama aliposimama na kifurushi chake.

"Zamani," akasema. "Kabla sijaoa."

"Wapi?"

"Kwenye ng'ombe."

"Ng'ombe wetu?"

"Wa watu," baba akasema, akageuka ukutani.

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Alipoinuka alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni, akasimama mbele ya mama, mtu mzima machozi yanamtoka. "Shemeji, nisamehe. Kumbe ni risasi. Kumbe wewe humo." Mama alikuwa anamtazama mumewe kwa kupitia bega la shemeji yake, uso umemwishia damu.

Hivyo mama akasafishwa, na baba akawa mwizi wa ng'ombe. Habari ilifika nyumbani kabla ya basi. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa benchi la mbele. Jumapili iliyofuata walitangaza kwamba kwa sababu ya afya yake apumzishwe uzee, na namna walivyoitamka hiyo afya, kila mtu alielewa. Kule Dongobesh, mteja mmoja alishika sketi yangu, akaigeuza, akaniuliza, ati ndiye wewe binti wa mzee wa risasi? Nilimnyang'anya sketi. Nikamwambia hii haiuzwi kwa watu wenye masikio marefu. Lakini nilipofika nyumbani kwangu nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya baba. Yale maringo yote! Koti lile, fimbo ile, na kumbe ujanani mwake alikuwa akikimbia porini na ng'ombe wa wajane. Nilijiona mjinga kwa kuwa na pua yake.

Nilipanda basi la kwenda hospitali nimeshapanga maneno. Nilimkuta baba amekaa, na baba mdogo ndiyo kwanza anafunga dumu baada ya kujaza kibuyu. Mama safari hii alikuwa ameketi miguuni pa kitanda. Nikamwamkia baba, akaitikia. Nikamwuliza kama ni kweli.

"Uliza mengine," akasema.

Mengine nilikwenda kumwuliza daktari, nikamkuta kwenye korido, nikamsimamia mbele.

"Daktari, ile risasi mnaitoa lini?"

"Haitoki kwa kupasua, dada."

"Basi iko wapi, begani au mguuni? Sisi hatujaona kovu."

"Iko kila mahali," akasema. "Kwenye damu, kwenye mifupa."

"Risasi moja?"

Alinitazama. Mimi nikamtazama. Naona ndipo alipoelewa, kwa sababu alijipiga kwenye paji la uso. "Si risasi ya bunduki, jamani! Risasi madini. Ile ya kijivu, nzito, iliyomo kwenye betri za magari. Mtu akiila au akiinywa kidogo kidogo, inazuia damu isitengenezwe vizuri. Ndiyo maana tunamwongezea na inakwisha. Nani kawaambia bunduki?"

Nilimshika mkono wa koti jeupe, sikujali, nikamvuta mpaka wodini. Alivuta tena mdomo wa baba akatuonyesha sote: kwenye ufizi, chini kabisa ya meno, kulikuwa na mstari wa rangi ya wino. Akasema hata kwenye hadubini chembe za damu yake zina madoadoa. Akasema dawa ya kupe nayo haikumfaa, lakini adui mkubwa ni huyu, na kama hatutajua anaingilia wapi, damu ya ukoo mzima haitatosha.

"Kuna kitu anachotumia peke yake?" akauliza.

Kabla sijafungua kinywa, baba mdogo alikuwa ameshainama. Alikitoa kibuyu chini ya kitanda. Daktari akachukua funguo zake, akakwaruza lile bamba la mdomoni. Palipokwaruzwa pakang'aa kama shilingi mpya. Akauliza, mara ya kwanza mzee alipolazwa hapa akapona, alikuwa na kibuyu hiki? Hakuwa nacho, kilibaki nyumbani. Na safari hii? Safari hii kililetwa, na kilijazwa, na aliyekijaza hakuwa mama.

"Maziwa yakichacha yanaitafuna risasi," daktari alisema. "Kila anapokunywa, anainywa. Nani alikiziba hivi?"

Mama aliangalia sakafu, na namheshimu kwa hilo mpaka leo, kwa sababu mimi ningesema.

"Ni mimi," baba mdogo akasema. "Nilikipeleka mimi." Akakaa chini sakafuni, na dumu lake mkononi. Baba alinyoosha ule mkono wake mzima, akamgusa kichwani.

"Ilikuwa kazi nzuri," akamwambia. "Hakikuvuja hata tone."

Daktari aliondoka na kibuyu. Alimwandikia baba vidonge, akaagiza na dawa nyingine ya kuondoa madini, iliyochukua muda mrefu kufika. Lakini kilichomponya hasa ni kuacha. Damu ilianza kubaki mwilini. Tumbo likaachia. Mkono ulichelewa sana, kidole kimoja kimoja, mpaka siku mama aliponipigia kwa simu ya jirani kuniambia amefunga kifungo cha koti bila kusaidiwa. Alikuwa anacheka na kulia kwenye simu ya watu, na salio likakatika.

Baba alipokuwa na nguvu za kukaa na watu, ukoo ulikusanyika kwetu, mchana, uani mbele ya nyumba. Wazee walewale walikuja. Watu wa kanisa walikuja. Baba mdogo alikuja na kondoo, kwa sababu jambo kama lile halimalizwi kwa maneno matupu. Wanaume walikaa kwenye viti vyao kama desturi ilivyo, na sisi wanawake tulikuwa mlangoni na kwenye kuta, tunasikiliza. Baba mdogo alisimama, akaeleza yote mbele yao, kibuyu, mnada, fundi, maneno aliyomtamkia mama. Hakuficha hata neno. Nilimwona siku ile kuwa mwanamume.

Kisha akamgeukia kaka yake.

"Kuna jambo moja linanishinda. Daktari alisema risasi, mimi nikaelewa bunduki, huo ni ujinga wangu. Lakini wewe, kaka, ulijua hukupigwa. Hujawahi kugusa ng'ombe wa mtu. Kwa nini ulikubali?"

Mimi nilikuwa sijamwuliza hilo. Nilikuwa nimefurahi mno kwamba si mwizi, hata sikukumbuka kuuliza kwa nini alijiita mwizi. Baba aliishika fimbo katikati, kwa mkono wa kulia.

"Mlikuwa mnatafuta mchawi au mwizi," akasema. "Mchawi nyumbani kwangu hayupo. Nikaona bora awepo mwizi."

Mzee mmoja alikohoa. Baba mdogo alifunika uso kwa kofia yake.

Mama aliinuka pale ukutani, akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kulia, nikamfuata, lakini alinipita mlangoni akirudi, na kigoda chake cha jikoni mkononi. Alikatiza katikati ya wanaume wa ukoo, mtu wa kuja, akakiweka kigoda chini kando ya kiti cha baba, bega kwa bega, mahali ambapo mwanamke wa kwetu hakai kikao kikiendelea. Akajitandaza khanga magotini, akakaa. Mimi nilisimama mlangoni kichwa juu, pua yangu ya urithi mbele, natazama nani ataanza kumkataza. Wazee walitazamana. Baba alijisogeza kidogo ampe nafasi, na kikao kikaendelea.